Arthur Ashe na siri ya sevu ya kwanza: Si nguvu peke yake, kijana

Ukitazama tenisi kwenye simu yako, kuna kitu pengine umekiona mara nyingi bila kukitilia maanani. Mchezaji anadundisha mpira mara tatu au nne, anaurusha juu, anautwanga kwa nguvu zake zote, nao unagonga wavu. Hakuna anayezomea. Mwamuzi hampi mpinzani pointi. Jamaa anachomoa mpira mwingine mfukoni, anajipanga upya, na safari hii anaupiga kwa uangalifu mpaka unaweza kudhani ni mtu mwingine kabisa.

Hilo pigo la kuanzisha mchezo ndilo wachezaji huita sevu. Sheria inakupa nafasi mbili kwa kila pointi. Ukikosa ya kwanza, hujapoteza kitu. Ukikosa na ya pili, pointi inaenda kwa mwenzako. Lakini kabla hujafikiri ni mteremko, angalia unachotakiwa kufanya. Unasimama nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja. Mpira wako lazima uvuke wavu wenye kimo cha sentimita 91 pale katikati, kisha uanguke ndani ya kisanduku kilicho upande wa pili, kimshazari. Mstari wa nyuma wa kisanduku hicho uko zaidi ya mita 18 kutoka unaposimama. Ukiupiga mkali na wa moja kwa moja, nafasi ya kupita juu ya wavu na bado kuanguka ndani ni nyembamba mno. Ndiyo maana hata mabingwa huikosa sevu ya kwanza kila siku, na hakuna anayewacheka.

Sasa, watu wengi mtaani hudhani sevu ya kwanza ni mashindano ya nani ana misuli. Nataka nikupe maisha ya mtu aliyejua kuipiga kwa nguvu kuliko karibu wote wa wakati wake, kisha siku ya mechi kubwa kuliko zote maishani mwake akaamua kuipiga pole. Anaitwa Arthur Ashe. Alifariki mwaka 1993, kwa hivyo yaelekea ulikuwa bado hujazaliwa. Jina lake labda umelisikia kwa sababu ya ule uwanja mkubwa wa New York ambako mashindano ya US Open huchezwa. Yeye mwenyewe ni hadithi nyingine.

Alizaliwa Julai 10, 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Richmond ya wakati huo ilikuwa na sheria za ubaguzi waziwazi: shule za Wazungu, shule za watu weusi, viti vya mbele kwenye basi, viti vya nyuma, viwanja vya tenisi vya hawa na vya wale. Baba yake, Arthur mkubwa, aliajiriwa na mji kutunza bustani ya michezo iliyoitwa Brook Field, ambayo ilikuwa ya watu weusi pekee. Familia ilipewa nyumba ndani ya bustani hiyo hiyo. Kwa hivyo kijana huyu alikua akifungua mlango na kuona bwawa la kuogelea, uwanja wa besiboli na viwanja vinne vya tenisi. Hebu fikiria: ubaguzi ulimfungia nje ya viwanja vizuri vya mji, lakini kazi ya babake ikampa viwanja vinne mlangoni.

Mamake, Mattie, alifariki mwaka 1950, Arthur akiwa na umri wa miaka sita tu na mdogo wake Johnnie akiwa bado mtoto mdogo sana. Baba aliwalea kwa mkono mgumu. Alimpimia kijana muda wa kutembea kutoka shule hadi nyumbani, na hakutaka kusikia visababu. Wazazi wa aina hiyo unawajua.

Akiwa na miaka saba hivi, mwanafunzi wa chuo aitwaye Ron Charity, mmoja wa wachezaji bora weusi wa Richmond, alimwona akimtazama akifanya mazoezi. Alimfundisha kushika raketi na kupiga mpira. Kijana alikuwa mwembamba kama ufito, raketi yenyewe ilikuwa karibu kumshinda uzito, lakini alikuwa na jicho na subira. Charity alipoona amefika mwisho wa alichoweza kumpa, alimpeleka kwa Dkt Robert Walter Johnson mjini Lynchburg.

Huyu Dkt Johnson anafaa makala yake mwenyewe. Alikuwa tabibu, mtu mweusi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na uwanja wa tenisi ambako kila likizo ya kiangazi alikusanya vijana weusi na kuwanoa. Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon, alipitia mikononi mwake. Vijana walifanya kazi za nyumba, walipalilia bustani, walitunza uwanja, kisha wakacheza mpaka giza liingie. Ashe alipofika mara ya kwanza alianza kubisha, ati Charity alimfundisha tofauti. Daktari alimpigia simu babake. Mzee akaendesha gari hadi Lynchburg, akamweleza mwanawe kwa ufupi kwamba mwalimu sasa ni Johnson. Mjadala ukaishia hapo.

Johnson alikuwa na amri zake za uwanjani, na moja inafaa uijue. Mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo tu ya mstari, wacha uhesabiwe kuwa umeingia. Usibishane na mwamuzi hata kama amekuibia mchana kweupe. Mnapobadilisha upande, mwokotee mpinzani mipira umkabidhi kwa heshima. Unaweza kuona ni unyonge. Daktari aliona mbali zaidi: vijana wake walikuwa wakienda kucheza kwenye viwanja vya Wazungu waliokuwa wakitafuta kisingizio chochote cha kuwafukuza, na yeye hakutaka kuwapa hicho kisingizio. Maana yake ni kwamba Ashe alikua akijua kwamba mpinzani ana nafasi ya ziada kwenye kila mstari, naye hana. Sevu iliyogusa ukingo wa mstari haikumfaa sana. Ilibidi iwe ndani, wazi, isiyo na ubishi.

Twende St. Louis, kwa sababu hapo ndipo sevu ya Ashe ilipopatikana. Richmond hakuruhusiwa kucheza kwenye viwanja vya ndani wakati wa baridi, na kwenye viwanja vya umma vya Byrd Park, vya Wazungu, alifukuzwa. Kwa hivyo mwaka 1960 alihamishwa hadi St. Louis, jimbo la Missouri, kumaliza mwaka wake wa mwisho wa sekondari katika shule ya Sumner, akikaa kwa mwalimu Richard Hudlin. Kule aliweza kucheza ndani ya ukumbi wa jeshi wenye sakafu ya mbao.

Mbao ndiyo siri. Huko kwao alizoea viwanja vya udongo. Udongo huukamata mpira na kuupunguza kasi, ukapanda juu polepole, mpinzani akapata muda wa kujipanga. Ndiyo maana mchezaji wa udongo huwa mvumilivu, anarudisha mpira na kungoja mwenzake akosee. Kwenye mbao mpira hauna subira. Ukigonga unateleza, unabaki chini, unakuja mbio. Anayeanzisha ana faida kubwa, na anayerudisha anahangaika. Ashe akalazimika kubadilisha mchezo wake wote: piga sevu kali, kimbilia mbele kwenye wavu, maliza pointi kabla haijaanza vizuri. Aliingia St. Louis akiwa mchezaji wa kungoja, akatoka akiwa mshambulizi.

Hapa ngoja tupige hesabu kidogo, usikimbie. Tuseme, kwa mfano tu, una sevu kali inayoingia mara 50 kati ya 100, na ikiingia unashinda pointi 80 kati ya kila 100. Una na nyingine ya pole inayoingia karibu kila mara, lakini inakushindia nusu tu ya pointi. Ukianza na kali halafu ya pole, kwenye pointi 100 ile kali itaingia mara 50 na kukupa 40. Pointi 50 zilizobaki unaanza na ya pole, unapata 25. Jumla 65. Ukiogopa ukapiga ya pole zote mbili, unaishia na 50. Ukijifanya simba ukapiga kali zote mbili, unapata zile 40, kisha kati ya 50 zilizobaki zitaingia 25 tu, unashinda 20. Jumla 60. Umeona? Nafasi ya pili ndiyo inayokuruhusu kuhatarisha ya kwanza. Na ujasiri wa sevu ya kwanza unatokana na sevu ya pili unayoiamini. Mtu asiye na sevu ya pili hupiga ya kwanza akitetemeka.

Ashe alipata ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, maarufu UCLA. Na kule, bahati iliyoje, aliishi karibu na Pancho Gonzales, ambaye alikuwa shujaa wake tangu utotoni. Gonzales, Mmarekani mwenye asili ya Mexico, alikuwa na sevu ambayo wajuzi wengi waliiona bora kuliko zote za enzi yake, na alimsaidia kijana kuinoa yake. Mwaka 1963 Ashe akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuteuliwa katika timu ya Marekani ya Davis Cup. Mwaka 1965 akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu, na mwaka uliofuata akafuzu na shahada ya usimamizi wa biashara.

Ukimwona kwenye video za zamani utashangaa. Hakuwa na kifua cha mnyanyua vyuma. Alikuwa mrefu na mwembamba, na sevu yake ilikuwa kama mjeledi. Nguvu ya sevu haitoki mkononi, hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Inaanzia miguuni, inapanda kiunoni, inapita begani inapozunguka, inafika kwenye kiwiko, na mkono unaitoa tu mwishoni. Shika raketi kama unavyoshika nyundo. Urushe mpira mbele yako kidogo kwa mkono ulionyooka, taratibu, na uupige ukiwa juu kabisa unapoweza kufika. Tena huo urushaji ndio sehemu pekee ya tenisi ambayo mpinzani hawezi kukuingilia hata kidogo. Mpira uko mkononi mwako. Ukiurusha vibaya, uache uanguke uanze upya, sheria inaruhusu. Mchezaji akikosa sevu tano mfululizo, mara nyingi tatizo ni mkono unaorusha, wala si ule unaopiga.

Halafu kuna kuficha. Ndani ya kile kisanduku kuna sehemu tatu za kulenga: pembeni kabisa, katikati ya uwanja, au mwilini mwa mpinzani. Ukirusha mpira mahali pale pale kila mara, mpinzani hawezi kusoma unakolenga. Ukiurusha kushoto kwa hii na kulia kwa ile, umeshamwambia kila kitu.

Baada ya chuo, Ashe aliingia jeshini, kwa kuwa alikuwa amepitia mafunzo ya maafisa akiwa chuoni, akapangiwa kazi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Alikuwa luteni. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Mdogo wake Johnnie alikuwa askari wa Marines na alikuwa tayari amepigana huko. Ilipoelekea kwamba huenda kaka yake naye akapelekwa, Johnnie alijitolea kurudi Vietnam kwa zamu nyingine ili Arthur abaki. Arthur hakujua hilo wakati huo. Ukisikia watu wakisimulia mwaka 1968 wa Ashe, jina la Johnnie mara nyingi huachwa. Mimi naona bila yeye huenda hakungekuwa na simulizi.

Mwaka huo ulikuwa wa ajabu. Kwanza alitwaa ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa mjini Boston. Kisha akaingia US Open kule Forest Hills, New York. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kuwaruhusu wanaolipwa na wa ridhaa kuchuana pamoja. Fainali ilichezwa Septemba 9, 1968 dhidi ya Tom Okker wa Uholanzi, jamaa mwenye miguu ya upepo. Siku hizi seti ikifika 6-6 kunachezwa gemu ya kuamua. Wakati huo mliendelea mpaka mmoja aachwe kwa gemu mbili. Seti ya kwanza ilikwenda 14-12. Ashe alishinda mechi kwa 14-12, 5-7, 6-3, 3-6, 6-3, na alipiga esi 26, yaani sevu ambazo mpinzani hakuzigusa hata kwa ncha ya raketi. Babake, yule mzee wa Brook Field, alikuwa pamoja naye wakati wa kutunukiwa kombe.

Pesa je? Mshindi alikuwa apate dola 14,000. Lakini Ashe alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, hakuruhusiwa kuzipokea. Alipewa dola 20 kwa siku za kujikimu. Okker, aliyeshindwa, akaondoka na zile 14,000. Cheka tu.

Mwaka 1970 alitwaa Australian Open, na mwaka huo huo yeye na Stan Smith walizuru nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, wakicheza mechi za maonyesho na kufundisha vijana. Alirudi barani mwaka 1971, na mjini Yaounde, Cameroon, akakutana na mtoto wa miaka 11 aliyekuwa na kipaji kisichofichika. Alimpa raketi, na akawaarifu wakuu wa tenisi ya Ufaransa. Mtoto akapelekwa Nice kunolewa. Jina lake Yannick Noah, na mwaka 1983 akatwaa French Open. Kwangu mimi hiyo inashinda esi zote 26.

Alipigana pia na Afrika Kusini ya ubaguzi. Alinyimwa visa mara kadhaa kwa sababu ya msimamo wake, hatimaye akakubaliwa mwaka 1973, akacheza Johannesburg. Wapo watu weusi waliomlaumu, wakisema kwenda kwake kuliwapa makaburu sifa. Yeye aliamini kumwona mtu mweusi aliye huru kungewafungua watoto wa huko macho. Mjadala huo hadi leo haujaisha na sitauamulia hapa. Kwenye fainali ya huko alipigwa na kijana wa Marekani aitwaye Jimmy Connors. Mwaka 1974 wakakutana tena kwenye fainali ya Johannesburg, akapigwa tena.

Kumbuka hilo jina Connors, kwa sababu sasa tunaingia Wimbledon, Julai 5, 1975.

Connors alikuwa na miaka 22, nambari moja duniani, bingwa mtetezi, na alifika fainali bila kupoteza hata seti moja. Ashe alikuwa amebakisha siku tano kutimiza miaka 32. Uhusiano wao ulikuwa mbaya: Connors hakutaka kuchezea Davis Cup, Ashe alimkosoa hadharani, Connors akamfungulia kesi mahakamani. Ashe aliingia uwanjani amevaa koti lake la Davis Cup lenye herufi za Marekani. Hakuhitaji kusema kitu.

Karibu hakuna aliyempa nafasi. Na sababu ilikuwa hii: kwenye nusu fainali Connors alikutana na Roscoe Tanner, mmoja wa watu waliokuwa na sevu kali zaidi duniani, na akamtandika seti tatu bila jibu. Kila Tanner alivyopiga kwa nguvu, mpira ulirudi na nguvu zaidi. Connors alikuwa kama ukuta wa zege. Ukiutupia mpira kwa kasi, unakurudishia kasi yako mwenyewe.

Usiku wa kuamkia fainali Ashe alikaa na marafiki zake, akiwemo Dennis Ralston aliyekuwa nahodha wa Davis Cup, wakachambua. Uamuzi waliofikia unahitaji moyo. Mtu mwenye sevu ya mjeledi, iliyompa US Open, aiweke kabatini. Apunguze kasi. Amnyime Connors chakula anachokipenda.

Sasa tazama jinsi hili linavyofanya kazi uwanjani. Connors alicheza kwa mkono wa kushoto, na pigo lake la upande wa kulia, ambalo wachezaji huita bekihendi, alilipiga kwa mikono miwili. Mikono miwili ina nguvu, lakini hufiki mbali nayo. Ashe, wa mkono wa kulia, aliposimama upande wa kulia wa uwanja wake, aliukata mpira ubavuni badala ya kuugonga katikati. Mpira uliokatwa hivyo huenda ukipinda. Ulianguka ndani ya kisanduku, kisha ukamkimbia Connors kuelekea nje, kulia kwake zaidi na zaidi. Connors akalazimika kunyoosha mikono yote miwili akiwa karibu kutoka nje ya uwanja. Akirudisha mpira, upande mzima uko wazi. Ashe yuko kwenye wavu anamngojea.

Ilikuwa bado ni sevu ya kwanza. Nafasi ile ile, hatari ndogo zaidi, na madhara makubwa zaidi. Kwa mipira mingine alimpa mapigo laini na ya chini upande wa kushoto, akamwacha atafute nguvu yeye mwenyewe. Connors alizikosa. Seti ya kwanza 6-1. Ya pili 6-1. Watu kwenye viti walikuwa hawaelewi wanachokiona. Kila walipobadilisha upande, Ashe aliketi na kufumba macho kama mtu anayesali.

Connors hakuwa mtu wa kufa kirahisi. Alichukua seti ya tatu 7-5, akaenda mbele 3-0 kwenye ya nne. Hapo ndipo mwanariadha wa kawaida hurudi kwenye mazoea yake. Umebanwa, unaona mpango umeanza kuvuja, mkono unawasha kupiga esi. Ashe hakufanya hivyo. Alishikilia ule ule mpango wa pole, akarudi, akashinda 6-4. Pointi ya mwisho ilikuwa picha ya mechi nzima: sevu iliyopindia pembeni, Connors akajinyoosha, mpira ukarudi dhaifu, Ashe akaumalizia kwenye uwanja uliokuwa wazi. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon ya mchezaji mmoja mmoja. Akageukia walipoketi marafiki zake, akainua ngumi.

Kama ungetaka kujifunza sevu ya kwanza kutoka kwa mechi moja tu, wengi wangekupeleka Forest Hills 1968. Mimi ningekupeleka Wimbledon 1975. Ya 1968 inakuonyesha alichoweza kufanya. Ya 1975 inakuonyesha alijua anampigia nani.

Mwili wake haukumpa muda mrefu baada ya hapo. Julai 1979 alipata mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 36 na anayeonekana mzima kabisa. Alifanyiwa upasuaji Desemba mwaka huo, akastaafu 1980. Aliongoza timu ya Davis Cup kama nahodha na kushinda 1981 na 1982. Mwaka 1983 akapasuliwa moyo mara ya pili, na akaongezwa damu. Wakati huo Marekani ilikuwa bado haina kipimo cha kuchunguza virusi vya Ukimwi katika damu ya wafadhili; kilianza kutumika mwaka 1985. Mwaka 1988 aligundua ana virusi.

Aliificha. Alikuwa na mke, mpigapicha Jeanne Moutoussamy, na binti mdogo, Camera, na alitaka mtoto akue bila kunyooshewa vidole. Usisahau miaka hiyo ilikuwa vipi. Watu waliogopa hata kusalimiana na mgonjwa kwa mkono. Mwaka 1992 gazeti moja likapata fununu na kumtafuta athibitishe. Aprili 8, 1992 akaamua kutangaza mwenyewe mbele ya wanahabari kabla hajatangaziwa. Nadhani alionewa. Hakuwa mwanasiasa wala hakuwa na deni la siri hiyo kwa mtu yeyote.

Lakini alipolazimishwa, hakujifungia. Alianzisha wakfu wa kupambana na Ukimwi, alikamatwa Septemba mwaka huo nje ya Ikulu ya Marekani akiandamana kutetea wakimbizi wa Haiti, na Desemba 1 akahutubia Umoja wa Mataifa kuhusu ugonjwa huo. Miezi miwili baadaye, Februari 6, 1993, alifariki mjini New York. Alikuwa na miaka 49.

Uwanja wa New York ulipewa jina lake mwaka 1997. Richmond ilikuwa imeshamjengea sanamu mwaka 1996, baada ya mabishano makali, kwa sababu barabara iliyochaguliwa, Monument Avenue, ilikuwa ya sanamu za majenerali waliopigania utumwa usifutwe. Sanamu inamwonyesha akizungukwa na watoto, ameinua vitabu mkono mmoja na raketi mkono mwingine. Kati ya 2020 na 2021 sanamu za majenerali wale ziling'olewa moja baada ya nyingine. Yake bado ipo. Na mwaka 2019 mji uliipa jina lake barabara nyingine kubwa, Arthur Ashe Boulevard. Ukiifuata kuelekea kusini inakufikisha Byrd Park, kwenye viwanja vile vya tenisi alikofukuzwa akiwa mtoto.